Chunusi za Vijana Wetu

Sisi wazazi wa Likasi twaliona jambo hili nyumbani mwetu: binti afikapo miaka 13 au 14 huanza kuuficha uso. Watu wazima hucheka. Kwa mwenyewe si mchezo hata kidogo.

Wengi husingizia moshi na vumbi la Shituru, ama uchafu. Sivyo, chunusi huwapata vijana wa mashambani vilevile. Wakati wa kubalehe ngozi huzidi kutoa mafuta, vitundu vya vinyweleo huziba, vijidudu huzaana humo, na vipele huvimba. Kuvikamua huongeza makovu na madoa meusi.

Linalotuogofya zaidi ni vikopo vya mafuta ya kujichubua viuzwavyo sokoni. Baadhi vina klobetasoli, dawa kali sana isiyofaa kupakwa usoni pasipo daktari. Mwanzoni vipele hunyauka, na msichana hufurahi. Baadaye ngozi huwa nyembamba. Naye akiacha kupaka, vipele hurudi kwa wingi kuliko kwanza, basi hukimbilia kikopo cha pili.

Binti yetu huosha uso mara 2 kwa siku kwa sabuni isiyo kali, wala hapaki mafuta mazito karibu na kipaji. Usiku hupaka kidogo peroksidi ya benzoili, ambayo hutaka subira ya wiki 8 hata 12. Dawa hiyo huchujua rangi za nguo, kwa hiyo tumempa foronya nyeupe. Madoa yatakawia miezi. Vipele vikubwa vyenye kuuma vingezuka, tungempeleka kwa daktari upesi, maana ndivyo viachavyo makovu.

Hii ni wiki ya 6.