Udi Njia Panda

Mashariki ya Moshi, barabara ya Dar es Salaam inapokutana na ile ya Holili na Taveta, ndiko iliko Himo. Ndizi zinashuka kutoka Marangu, abiria wa Tanga wanateremka na mabegi yao. Na binti wa pwani akiolewa huku, usishangae kukuta chetezo ndani ya begi.

Kwao chetezo si pambo la kabatini. Ni chombo cha udongo au cha shaba. Unaweka kaa la moto, juu yake kipande cha udi. Nguo za harusi zinatandazwa juu ya tenga la fito, moshi uingie taratibu. Ubani ni kitu kingine, utomvu wa mti unaoota Somalia na Oman, unaofukizwa kwenye maulidi na visomo. Udi ni wa nguo na chumbani, jamani, msichanganye!

Shughuli inaanza mama mkwe akishuka kutoka mlimani. Akisikia ubani tu, anawaza mganga. Mume naye kimya. Mke anabaki kufukiza kwa kujificha, kama mwizi ndani ya nyumba yake.

Kaka, hebu panda na mkeo hadi Kilema, juu ya Himo, ambako wamisionari Wakatoliki walifungua misheni mwaka 1890. Kwenye misa kubwa padri anafukiza altare kwa chetezo cha mnyororo, na kinachoungua mle ni ubani. Biblia ya Kiswahili inauita uvumba, ule ambao Mamajusi walimpelekea mtoto Yesu. Kama mama amekulia kanisani, harufu anaijua tangu utotoni! Kinachomtisha ni kuikuta sebuleni kwa mwanawe bila maelezo.

Wajapani nao wana sherehe yake. Kaa linafukiwa kwenye majivu, juu yake kibamba chembamba cha ulanga, kisha kijipande cha udi kipate joto bila kuungua. Wageni wanapokezana chetezo kimya kimya, na husemwa kwamba wanausikiliza udi. Si hata sisi tunasema tunasikia harufu?

Basi akija tena, msifiche. Fungueni madirisha, maana hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua, na chetezo kitoke nje kabla ya kulala. Halafu mume, wala si mke, ndiye amweleze mama: huu ni udi, na hii ndiyo maana yake kwao mke wangu.