Jino moja milioni mbili, na mwanya juu yake!

Mpenzi msomaji, kabla hatujafika mbali naomba tuelewane jambo moja. Mwanya si pengo. Mwanya unapewa bure na Mungu, na huku Pwani ukiwa nao mbele wanaume wanageuza shingo kama feni. Pengo ni kitu kingine kabisa. Ukilipata hilo, shingo zinageuka vile vile, ila wenye nazo wanacheka.

Mwenzenu nilizaliwa na mwanya. Nimeurithi kwa bibi mzaa mama, mtu wa Pangani, ambaye mpaka anaingia kaburini watu walikuwa wanamwita Bi Mwanya, jina lake halisi wengine hawalijui hadi leo. Mama hakuubahatika. Uliruka kizazi kizima ukaja kutua kwangu, tena kati ya watoto wanne ni mimi peke yangu. Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa akinishika kidevu, ananiambia nicheke, halafu anacheka na yeye. Basi tunabaki pale tunatazamana meno kama wendawazimu.

Mwezi Machi 2023 nilikuwa nimesimama ndani ya daladala ya kwenda Mbagala, dereva akafunga breki za ghafla kumkwepa bodaboda, mdomo wangu ukakutana na bomba la kushikilia. Konda akasema, "Pole sista," kisha akaendelea kudai nauli za nyuma. Jino la mbele, la juu kulia, likakatikia ndani ya ufizi. Hospitalini wakapiga picha, wakaona mzizi umepasuka, hakuna cha kuokoa. Kilichobaki kikang'olewa.

(Daktari alinipa somo ambalo nawapa na ninyi, hasa wenye watoto watundu. Jino la ukubwani likichomoka zima, lisisuguliwe. Lishike kwa juu, sehemu ya kutafunia, mzizi usiuguse, litumbukize kwenye maziwa, kisha mbio hospitali ndani ya saa moja. Linaweza kurudishwa likashika. La utotoni ndilo halirudishwi, litavuruga jipya linalokuja chini yake.)

Hapo ndipo nikajua jino la mbele lina kazi gani. Mchana mimi ni wakala wa pesa za simu, na pale kibandani nasema "salio", "subiri", "asante" mara mia kwa siku. Kila nikisema, filimbi inatoka. Watoto wa jirani wakaanza kunisalimia kwa mluzi. Nikajifunza kucheka nimefunika mdomo kwa kiganja, na kwenye picha nikawa mtu wa huzuni. Mchumba niliyekuwa naye alisema yeye hajali kabisa, anapenda roho yangu. Siku ya harusi ya dada yake, kwenye picha, akanipanga mstari wa nyuma. Huyo tuachane naye, kama nilivyoachana naye.

Kwanza nikachonga jino la kuvaa na kuvua, lile lenye kipande cha plastiki cha rangi ya ufizi kinachobana juu kwenye kaakaa. Elfu sitini tu. Silitukani, maana limenisitiri miezi minane, na wapo wanaolivaa miaka na miaka bila neno. Lakini mimi na lenyewe hatukuivana. Ugali sawa, wali sawa. Hindi la kuchoma ulisahau, na nyama ya mishkaki unaomba ikatwe vipande kama ya mgonjwa. Usiku linalala kwenye glasi ya maji. Mtoto wa dada yangu aliamka kutafuta maji ya kunywa akaliona, alipiga kelele nyumba nzima ikadhani mwizi. Siku nyingine kibandani mteja kanichekesha, jino likaruka likatua juu ya daftari la miamala. Yule baba wa watu akalitazama, akanitazama, akaniambia, "Dada, hiyo nayo unatoa na kuweka?"

Msinicheke peke yangu. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, mdomoni alikuwa amebakiza jino lake moja tu. Watu wanasema alivaa meno ya mbao, si kweli. Seti zake zilitengenezwa kwa vitu kama pembe ya kiboko na meno ya binadamu wengine. Bora plastiki yangu.

Nikarudi kwa daktari kuuliza njia nyingine. Akanitajia daraja. Daraja maana yake jino la bandia linashikwa na majirani zake wawili, na hao majirani lazima wachongwe wavishwe kofia, kisha vyote vitatu vinaunganishwa kitu kimoja. Nikamuuliza, meno mawili mazima yachongwe kwa ajili ya breki za daladala? Akasema ndiyo hivyo, halafu akaongeza neno lililomaliza mjadala. "Na mwanya wako utazibwa, kwa sababu daraja haliachi nafasi katikati."

Jamani. Zibeni pengo, lakini mwanya wa Bi Mwanya hapana.

"Basi kinachokufaa wewe ni kipandikizi," akasema daktari. Ni skrubu ndogo ya madini ya titani, inazamishwa kwenye mfupa wa taya mahali ulipokuwa mzizi. Mfupa unaishika, halafu juu yake unafungwa ushikizi na kuvishwa jino la kauri. Linasimama lenyewe, halimtegemei jirani, kwa hiyo nafasi pembeni inabaki kama ilivyokuwa. Aliyegundua mambo haya hakuwa hata anatafuta meno. Ni daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ambaye mwaka 1952 alikuwa anachunguza mifupa ya sungura inavyopona. Aliwawekea miguuni vifaa vya titani, na alipotaka kuvitoa akakuta vimeshikana na mfupa, havitoki. Mwaka 1965 akamwekea binadamu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na taya lenye kasoro na meno pungufu. Bwana huyo alikaa na skrubu zake zaidi ya miaka 40, akafariki mwaka 2006 zikiwa bado zinatafuna.

Bei nikatajiwa milioni mbili na laki mbili. Kwa jino moja! Nilitoka pale nimefunga mdomo, safari hii si kwa ajili ya pengo.

Nyumbani nako kasheshe. Nikamwambia mama, "Mama, nimeamua, mwezi ujao nakwenda kuwekewa kipandikizi." Mama akaweka mwiko chini. Nyote mnajua vipandikizi wanavyovijua mama zetu ni vile vya mkononi, vya uzazi wa mpango. Nikaambiwa sijaolewa, mahari hata ya kuuliziwa sina, na sasa nataka kuweka kijiti! Nikaita dada yangu aje anisaidie kueleza. Mama alipoelewa kwamba ni cha mdomoni akatulia dakika moja. Halafu akauliza bei, moto ukawaka upya. Milioni mbili ni bati za nyumba ya Pangani, akasema. Milioni mbili ni mtaji. Na hakuwa anasema uongo. Hili swali nilikaa nalo wiki tatu usiku. Pesa za kibubu zilikuwa laki saba, zilizobaki zingetoka kikoba, kwa riba. Ila daktari alishanionya kwamba mfupa usio na jino unasinyaa, hasa mwaka wa kwanza, na wa kwangu bado unatosha kwa shida. Nikichelewa itabidi kwanza kuongezewa mfupa, na hiyo ina gharama yake.

Nikaenda.

Watu mnaogopa, nawaambia ukweli. Ganzi inauma kuliko kilichofuata. Unasikia mashine ikitoboa huku maji yanamwagika kupooza mfupa usiungue, unasikia kichwa kinatetemeka, basi. Nikapewa dawa na uji wa siku kadhaa. Shughuli ngumu ni kusubiri. Kwangu ilikuwa miezi minne na nusu mpaka mfupa ukamate, na muda wote huo lile jino la plastiki nikaendelea kulivaa, hasira tele. Daktari alinihoji kama navuta sigara na kama nina kisukari, akaeleza kwamba mvutaji na mwenye sukari iliyopanda ndio skrubu huwagomea zaidi. Kwa wengi inashika, zaidi ya tisa kati ya kumi. Na mwenye umri mdogo ambaye taya bado linakua anaambiwa asubiri, maana taya litakua na skrubu itabaki pale pale. Jambo jingine, msidanganyike kwamba jino la kauri halihitaji mswaki. Halitoboki, sawa, lakini ufizi unaolizunguka unaoza kama wowote, na ukioza skrubu inalegea.

Ikafika siku ya jino lenyewe. Daktari akafungua kiboksi, akalijaribisha, akanipa kioo. Zuri, jeupe, linafanana na mwenzake. Lakini nene! Mwanya hakuna. Fundi wa maabara alidhani ile nafasi ni kasoro, akaninyooshea bila kuombwa. Daktari akaniambia wengi wangefurahi, wapo wanaolipa pesa kuziba mianya yao. Nikatoa kwenye pochi picha ya bibi, ile ya mwaka 1998 amekaa barazani anacheka, nikamwonyesha. Akaitazama sana. Akarudisha jino kiboksini, nikasubiri wiki mbili nyingine.

La pili ndilo hili nililonalo. Nilipofika nyumbani mama alikuwa anachambua mchele. Nikacheka bila kuweka kiganja. Hakusema kuhusu bati. Aliniita jina la mama yake, akainama akaendelea na mchele, na ule mchele nadhani uliliwa na mawe siku hiyo.

Kikoba nadaiwa bado laki sita. Kila Jumapili tukikutana, kabla sijatoa rejesho, mwenyekiti wetu ananisimamisha mbele na kuniamuru nicheke kwanza, wanachama waone pesa yao iko wapi.