Shaba Haisahau Nyundo

Msomaji mpenzi, kama Jumapili hii huna shughuli nyingi, vaa viatu vyako vya kutembelea tuandamane. Safari yetu si ndefu. Tutaanzia katikati ya jiji la Nairobi, halafu tutapanda matatu kuelekea magharibi hadi Kibera. Mfukoni nina kitu kidogo kilichonitoa nyumbani: ganda tupu la risasi ya bunduki ya .303. Marehemu babu yangu, aliyekuwa askari wa KAR, alirudi nalo kutoka Burma baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akalitilia kizibo cha mti na kulifanya tabakelo ya tumbako yake.

Mwezi jana nililitoa sandukuni nikalikuta lina ufa shingoni, mwembamba kama unywele. Hakuna aliyeliangusha wala kuligonga. Nilitaka kujua kama linaweza kuponywa, kwa sababu wajukuu wa babu ni wengi na kumbukumbu yake ni hiyo moja tu.

Kabla sijaendelea, pokea onyo. Ukiokota kitu kinachofanana na risasi, usikiguse na usikitie motoni. Wajulishe polisi. Hata mimi nililipeleka ganda hili kituoni kwanza, likakaguliwa, nikaambiwa ni tupu na naweza kulihifadhi.

Haya, tusimame Kenyatta Avenue, mbele ya sanamu tatu za askari na mpagazi. Ziliwekwa kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918. Babu alipigana vita vilivyofuata, lakini kila alipokuja mjini alivua kofia hapa. Sanamu hizi ni za shaba, lakini si shaba ya ganda langu. Kiswahili chetu ni kikarimu, huita vitu vitatu jina moja. Kuna shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme. Ukiichanganya na bati unapata shaba ngumu ya sanamu. Ukiichanganya na zinki unapata shaba ya njano, ya kufuli, mifereji na maganda ya risasi. Kwa kawaida ganda huwa na sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki.

Sasa twende Banda Street, kwenye Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Simba wawili wa mawe wanakulinda mlangoni. McMillan mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Marekani, naye mwaka wa 1909 alimkaribisha shambani kwake Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa nchi hiyo aliyekuja kuwinda. Siku hizo Nairobi ilikuwa mji wa wawindaji. Uwindaji wa namna hiyo ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na bunduki nyingi za zama zile sasa zimo makumbushoni na mikononi mwa wakusanyaji wa ng'ambo. Risasi za baadhi yake hazitengenezwi tena viwandani. Kwa hiyo wakusanyaji huko huchukua maganda ya aina nyingine, wakayalainisha kwa moto na kuyapa umbo jipya. Niliposikia hivyo nikajiuliza: kama ganda laweza kubadilishwa umbo, la babu litashindwaje kuzibwa ufa?

Jibu liko Kibera. Tupande matatu, tupite Ngong Road, tushuke karibu na Soko la Toi na kuingia vichochoroni kwa miguu. Utasikia milio ya nyundo kabla ya kuwaona mafundi. Hapa kufuli kuukuu na mifereji iliyochakaa huyeyushwa juu ya makaa na kugeuzwa bangili, herini na vidani. Fundi makini hauliza bei tu, huuliza pia mali imetoka wapi. Sheria ya vyuma vikuukuu ya mwaka 2015 ipo, na mwaka wa 2022 Serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vifaa vya umeme na reli. Mfereji ulioibwa shuleni ni bangili chungu.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa makamo. Aligeuza ganda, akalinusa, akaniuliza, "Babu yako alikuwa akilala na mbuzi?" Nilishangaa. Ni kweli, mbuzi walilala chumba kimoja naye, na ganda lilining'inia ukutani juu yao miaka mingi.

"Basi ni mkojo," akasema.

Usicheke, msomaji. Jeshi la Uingereza nchini India lilipata hasara hiyo hiyo zamani. Risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka shingo zenyewe msimu wa mvua. Mwaka wa 1921 wataalamu walieleza chanzo: hewa ya amonia itokayo kwenye mkojo huishambulia shaba ya njano iliyokazwa kwa kupigwa au kuvutwa. Shaba haisahau nyundo. Kila pigo huiongezea ugumu na mkazo ndani, hata kama kwa nje inang'aa.

Dawa yake ni moto. Fundi huipasha shaba gizani kidogo ili aone rangi vizuri, mpaka iwe nyekundu hafifu kama kaa linalokaribia kuzima, kisha huiacha ipoe au huitumbukiza majini. Chuma cha pua kikifanyiwa hivyo huwa kigumu, lakini shaba hulainika. Akizidisha moto, zinki hutoka kwa moshi mweupe, na anayeuvuta hushikwa na homa na kutetemeka usiku kucha. Ndiyo maana fundi huyu hufanyia kazi yake mahali penye upepo.

"Sasa lipashe moto, ufa uzibe," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Moto hulainisha, hauungi. Wa kulipasha alikuwa yule wa zamani, kabla halijapasuka."

Alinipa shauri lingine. Angekata shingo yenye ufa, atupe na kipande kilicho karibu nayo, halafu kwenye mwili mzima akate pete mbili za vidole vya watoto. Nilikubali kwa shingo upande. Akaipasha ya kwanza, akaivika kwenye chuma kilichochongoka na kuigonga taratibu ipanuke. Ilipofika katikati alitaka kuirudisha motoni. Jua lilikuwa linatua nami nilikuwa na haraka ya matatu. Nikamwambia, "Mzee, imebaki kidogo tu, malizia." Akanitazama, akagonga mara mbili. Tak! Pete ikapasuka mkononi mwake.

Hakunilaumu. Aliiweka vipande vyake kiganjani mwangu, akachukua ya pili. Hii aliirudisha motoni mara tatu, nami sikufungua kinywa tena. Ilipokuwa tayari aliiosha kwa maji ya ndimu, weusi ukatoka, ikawa njano kama yai.

Nimerudi nyumbani na pete moja, vipande viwili na kitako cha ganda. Pete nimempa binti yangu mdogo, wa mwisho katika wajukuu wa babu, naye kila siku huuliza kwa nini dada yake hana. Nimemweleza ukweli kwamba ya dada yake niliivunja mimi kwa haraka zangu. Vipande vyenyewe nimevihifadhi kwenye bahasha. Fundi amesema akipata kufuli safi atavichanganya humo, na shaba ya babu itakuwemo ndani ya bangili ya dada mtu.

Nawe ukipita Kibera Jumamosi moja, peleka watoto wakaone. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mafundi wa pale wangeongeza kwamba shaba nayo mkunje angali laini, na ikianza kukaza irudishe motoni kabla haijalia tak.