Baba akishika kifua, msingoje kupambazuke

Ni saa tatu usiku kwenye boma moja Oloipiri, wilayani Ngorongoro. Baba amerudi na ng'ombe, lakini chai yake imepoa bila kuguswa. Ameshika kifua.

"Ni kiungulia tu, kitatulia," anasema.

Kijana wake mkubwa anawaza gari la alfajiri la kwenda Wasso. Wangoje?

Swali hilo limewahi kuzikuta familia nyingi. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, yanaweza kuwa mshtuko wa moyo. Damu iliyoganda imeziba mshipa unaolisha moyo, na msuli wake umeanza kufa. Msuli mwingi ukifa, moyo hushindwa kusukuma damu: presha hushuka, mikono na miguu hupoa, mgonjwa huchanganyikiwa.

Kwa aliyefikia hapo, zipo mashine za kusaidia moyo. Mojawapo ni pampu nyembamba inayopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Utafiti wa DanGer, uliochapishwa 2024, ulifuatilia wagonjwa 355 wa Denmark, Ujerumani na Uingereza. Baada ya siku 180, waliopata pampu walikuwa wamefariki takriban 46 katika kila 100, wasioipata, 59. Ni nafuu kubwa. Hata hivyo, pampu ilileta pia hatari zaidi ya kutokwa damu, na karibu nusu ya walioipata hawakupona. Wote hao walikuwa tayari hospitalini.

Hapa nchini, moja ya sehemu zinazozibua mishipa ya moyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kutoka Oloipiri ni mbali mno. Ndiyo maana saa zinazookoa msuli wa moyo huanzia nyumbani, kabla ya mashine yoyote. Mgonjwa asitembee, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali iliyo karibu usiku huohuo ili dawa zianze na rufaa ipangwe.

Kijana anampigia jirani mwenye gari.

"Baba, tunakwenda Wasso."

"Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe tutawaangalia," mama anajibu, akimfunika shuka mabegani. "Wewe twende."