Kipimo cha Mvumo

Mwaka jana nilimpakia mama garini, tukatoka Mbinga kuishuka milima ya Umatengo kwenda Mbamba Bay. Njiani nikampigia mganda uliorekodiwa wakati wa uhai wa mjomba. Akauliza, “Mwanangu, hiyo ni ngoma au bati?”

Niliona haya. Kitufe cha amplifaya nilikuwa nimekizungusha hadi mwisho, nikidhani ni cha kuongeza kishindo. Kumbe kazi yake ni kulinganisha umeme utokao redioni na uwezo wa amplifaya. Uwezo huo ukipitwa, vilele vya wimbi la sauti hukatwa, mvumo hugeuka mkwaruzo, na koili ya sabufa yaweza kuungua.

Jioni ile, kando ya Ziwa Nyasa, nilizima nyongeza ya besi, nikafungua nyaya za sabufa, nikateremsha kitufe. Redio ikiwa robo tatu ya sauti yake, nikapiga mlio wa mizunguko 50 kwa sekunde. Wati 400 mara omu 4 ni 1,600. Kipeuo chake cha pili ni volti 40. Nikapandisha polepole, mita iliposoma 40, nikakoma.

Wakati wa kurudi mama alikitambua kibuyu cha mjomba, akajifuta machozi. Wahenga husema ngoma ikilia sana hupasuka. Ile haikupasuka, niliipasua mimi.