Methanoli sio ethanoli, wadau

Nimepotea kidogo maana niko BTP, na geto langu kwa sasa liko huku Sakina, jirani kabisa na barabara ya Namanga. Nafundisha kemia kidato cha nne. Mada niliyokabidhiwa ni ile inayokimbiwa na kila mtu: kemia ogania, yaani kemia ya kaboni. Hasa hasa majina.

Madogo wanakariri, si mchezo. Methani, ethani, propani, butani, wanaimba kama kwaya. Ukiwauliza kwa nini butani isiitwe methani, kimyaaa. Nikawaambia nyie hii kitu mnaijua toka mkiwa kwa mama. Chukueni neno pika. Shina ni -pik-. Ukisikia pikwa, pikia, pikisha, hukai chini kukariri, mwisho wa neno unakwambia kazi yake.

Jina la ogania ndio hivyo hivyo. Shina linahesabu kaboni: meth- moja, eth- mbili, prop- tatu, but- nne, na kuanzia tano ni namba za Kigiriki, pent-, heks-, twende. Mwisho unasema kuna nini ndani. Kaboni ina mikono minne. Kaboni zikishikana kwa mkono mmoja mmoja, jina linaishia -ani. Mahali wakishikana kwa miwili, -eni. Kwa mitatu, -aini. Ukikuta OH imening'inia, -oli.

Sasa angalia kaboni mbili tu zinavyotutesa. Ethani ni gesi tu ya kuwaka. Etheni ndiyo inayotoka kwenye ndizi zinazoiva, ndio maana ukizifunika kwenye gunia zinaivishana. Ethaini ni gesi ya mafundi wa kuchomelea. Irabu inabadilika, umetoka kwenye ndizi umeingia gereji!

Kilichowasumbua zaidi ni matawi. Nilichora kaboni tatu zimelala, ile ya katikati imeshusha mkia wa kaboni mbili. Dogo mmoja fasta: "2-ethilipropani!" Nikamwuliza, barabara kuu ni ipi? Maana sheria ni hii, tafuta mnyororo mrefu kuliko yote hata kama unapinda, huo ndio barabara, vingine vyote ni vichochoro. Pita kwenye mkia uhesabu: kaboni nne. Kwa hiyo ni butani. Kichochoro kimebaki kimoja chenye kaboni moja, yaani methili. Halafu unaanza kuhesabu kutoka upande ulio karibu na kichochoro. Ukitokea mjini kichochoro ni cha tatu, ukitokea Ngaramtoni ni cha pili, basi anzia Ngaramtoni. 2-methilibutani. Darasa likalipuka.

Hizi sheria hazikushushwa na NECTA jamani. Wanakemia walikutana Geneva mwaka 1892 kwa sababu kila mtu alikuwa anaita kitu kimoja jina lake, na toka 1919 kuna umoja wao, IUPAC, ndio unaosimamia. Majina ya zamani ni kama majina ya mtaani, yanasema kitu kilitoka wapi. Asidi ya methanoiki ilipewa jina la sisimizi kwa Kilatini, kwa kuwa walikamuliwa sisimizi kuipata. Hata hiyo "meth-" ilitungwa na Wafaransa kutoka maneno ya Kigiriki ya mvinyo na mti, maana methanoli ilikuwa inapatikana kwa kuchoma mbao bila hewa.

Mvinyo wa mti. Jina zuri kwa kitu kibaya hivyo.

Hapo ndipo dogo wa nyuma akauliza, "Sasa ticha, methanoli na ethanoli si zote ni pombe tu?" Nikaweka chaki chini. Barabara hii hii ya Sakina ukiifuata ukavuka Namanga unafika Nairobi. Novemba 2000, mitaa ya Mukuru kule, watu walikunywa pombe ya bei chee iliyochanganywa na methanoli. Walikufa zaidi ya 100, wengine wakapofuka. Mwaka 2014 ikajirudia Kenya, wakafa makumi tena.

Tofauti ni kaboni moja. Ethanoli ndiyo iliyo kwenye mbege na bia. Ini linaigeuza kuwa ethanali, kisha asidi ya ethanoiki, ambayo ni siki ileile ya kachumbari. Methanoli inapita njia hiyohiyo: methanali, kisha asidi ya methanoiki, na hii inashambulia mishipa ya macho. Shina halikubadilika, mwisho tu. Kwa macho na kwa pua huwezi kuzitofautisha, zote ni kama maji, zote zinanukia kilevi. Na ile spiriti ya dukani inayoitwa "methileti", jina lenyewe linakwambia imetiwa methanoli ili isinywewe.

Yule dogo hakuuliza tena. Akaandika meth na eth kwenye daftari, akazipigia mstari mara mbili mbili. Baadaye akanifuata nje akaniambia mjomba wake anakunywa chochote kinachouzwa kwenye vichupa. Tukaongea mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Kipindi kijacho ni asidi. Siki nimeshanunua, magadi mama mwenye nyumba kanipa bure. Tutaona povu.