Upande wa Pili wa Santuri

Kaseti ndiyo iliyozishusha santuri thamani. Redio-kaseti ilipoingia sebuleni kwetu Mombasa katika miaka ya 1980, gramofoni ya baba ilipandishwa juu ya kabati na sahani zake zikafungwa kamba, zikasukumwa uvunguni. Hakuna aliyesikitika. Kaseti ilibebeka mfukoni, na wimbo ukikupendeza jirani alikunakilia siku hiyo hiyo. Santuri za taarab zenye nembo ya Mzuri, alizozinunua baba dukani kwa Assanand, nyingine ziligawiwa, nyingine zikapinda kwa joto.

Nilipoanza kuzitafuta tena nilikuwa mtu mzima, Nairobi. Ziliuzwa chini, juu ya gunia, kando ya stovu za mafuta ya taa na pasi za mkaa. Muuzaji hakusoma jina la bendi wala la mwimbaji. "Chagua tu, kaka, zote bei moja," ndivyo alivyoniambia, na bei yenyewe ilikuwa chenji ya matatu. Nyingi hazikuwa na jaketi. Zilisuguana uchi, na vumbi jekundu lilikuwa limeshindiliwa ndani ya mifereji.

Nilinunua hasa zile ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika. Hizo ndizo zilizokuwa chakula cha kila siku cha muziki wetu. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, ndiyo maana bendi za Tanzania na Kongo zilikuja kurekodi huku. Simba Wanyika, Les Wanyika na Orchestra Super Mazembe zilijijengea jina hapa. Upande mmoja wa sahani hiyo hubeba dakika chache tu, nasi nyimbo zetu ni ndefu. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili magitaa yakafunguka na watu wakainuka kucheza.

Baba alisafisha kwa kipande cha kanga kuukuu, akaipuliza sindano, basi. Mimi nilijifunza kuosha polepole. Maji yaliyochujwa madini, yale ya kutilia betri ya gari, hayaachi chumvi yakikauka. Natia tone la sabuni ya maji, kisha brashi laini, nikifuata mzunguko wa mfereji. Ukiukata kwa kukingama unasukuma mchanga ukwaruze kuta zake. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji mengine safi, simamisha sahani kivulini, usiianike juani hata kwa dakika chache. Palipo na ukungu naongeza spiriti kidogo iliyozimuliwa, lakini kwenye sahani za plastiki tu. Zile nzito za mizunguko 78, za aina aliyorekodia mwimbaji wa taarab Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu, jamaa wa lakiri ya kufungia barua. Spiriti huziyeyusha. Hizo ni maji na sabuni peke yake, tena upesi.

Uchafu ulipotoka ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sokoni halionekani. Katika sahani nyingi upande wa kwanza bado unang'aa, wa pili umefifia kuwa kijivu. Wenyewe waliupiga ule wa magitaa mpaka sindano ikaula. Nikikuta na jina la mtu au la baa limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, najua sahani ilitoka nyumbani na kupelekwa kwenye ngoma, ikaandikwa ili irudi. Tangu hapo nimekuwa nikinunua kwa kutazama upande wa pili kwanza. Wakusanyaji wengi hukimbia sahani iliyochakaa. Mimi naiamini zaidi, kwa sababu imeshapigiwa kura na wachezaji.

Siku hizi gunia halipo. Mwaka 2013 kampuni ya Uingereza, Soundway, ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special, na wageni waliokuwa tayari wakitafuta sahani zetu wakaongezeka. Jimmy Rugami ana duka la santuri Kenyatta Market, katikati ya nyama choma na wasusi, na vijana waliozaliwa baada ya kaseti kufa huja kukaa hapo kusikiliza. Bei imepanda, tena imepanda kwa haki. Pale ambapo kanda mama ya studio haipatikani, sahani moja iliyooshwa vizuri ndiyo inayobaki kunakiliwa, na kazi nzima ya mpiga gitaa hutegemea mkono wa aliyeshika brashi.

Linaloniuma ni kwamba wanaonakili huchagua sahani zinazong'aa, na wakati mwingine huishia na upande wa kwanza tu. Kwa hiyo nikiosha sahani ya wimbo uliokatwa, naanza kwa kuunakili upande wa kijivu kwenye kompyuta, kwa sindano nzuri niliyo nayo, mikwaruzo na yote, kisha nauunganisha na wa kwanza ili wimbo uende mpaka mwisho bila mtu kuinuka kugeuza sahani.